Ombi la Kutaifisha Kiwanda cha Sweta Kilichomo Sebuleni Mwangu

S. I. Mbonile,
Kizwite,
Sumbawanga.
Julai, 1981

Kumb. Na. NYB/MLM/1

Ndugu Felisiani,
Katibu wa Tawi.

Kupitia kwa Balozi wa Nyumba Kumi, Mzee Eustaki (ameipitisha bila kuisoma, miwani yake iko Namanyere kwa mwanawe).

Ndugu Katibu,

YAH: KUTAIFISHWA KWA MRADI WA SWETA, PAMOJA NA KURUDISHIWA KITI NA MKE

Pokea salamu za kazi na za baridi kutoka kwa jirani yako wa nyumba ya bati yenye mpera mbele. Sisi kwa jumla hatujambo, isipokuwa mimi.

Kabla ya kuingia kwenye kiini naomba nijitambulishe rasmi, ingawa tunaonana kila siku bombani. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya Serikali hapa mjini, niliyehamishwa kutoka Mbeya kwa manufaa ya umma. Majalada yote ya ofisi nayafungua mimi, nayapa namba mimi, na yakijaa nayafunga mimi. Aidha ni mwalimu wa kujitolea wa Elimu ya Watu Wazima, darasa la jioni. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ieleweke kwamba mimi ni kiongozi.

Najua wapo wanaobisha. Wewe mwenyewe, katika mkutano wa mwezi Mei, uliwataja viongozi wa eneo letu mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na ulipofika kwangu ukasema, "na Bwana Karani pia." Sikukasirika, ila sikulala vizuri. Mtu anayejua jalada la kila afisa liko rafu ipi, na ndani yake mna onyo gani, huyo asipokuwa kiongozi basi sijui kiongozi ni nani. Naomba jambo hili ulishike vizuri, maana malalamiko yangu yote yamesimama juu yake.

Sasa kiini. Ndani ya nyumba yangu ameibuka bepari. Ni mke wangu, Atusaye.

Chanzo chake ni hiki. Mwezi wa pili nilifundisha darasani kwangu somo liitwalo "Kila Kaya na Mradi Wake." Nilieleza jinsi mshahara ulivyo mfupi na mwezi ulivyo mrefu. Nikaeleza kwamba mama wa nyumbani anaweza kufuga, kushona au kufuma, akaongeza kipato bila hata kutoka nje ya ua. Darasa zima lilitikisa vichwa kwa kukubali, na mimi nikaenda kulala nikiwa na furaha ya mtu aliyelitumikia taifa. Kumbe miongoni mwao alikuwepo mmoja aliyesikiliza kwa nia ya kutenda. Alikaa benchi la mbele, amejifunga kitenge nilichomnunulia mwenyewe.

Ndugu Katibu, nimefundisha vyoo bora. Nimefundisha matuta. Nimefundisha lishe ya mtoto, kwa picha. Hakuna hata siku moja mtu aliyenitilia maanani kiasi cha kuniletea matatizo. Nilijaribu kumweleza Atusaye kwamba somo lile lilikuwa la wananchi kwa jumla. Akaniuliza, kwa upole tu, yeye ni nani.

Alijifunza kufuma akiwa msichana, shule ya misheni huko Rungwe. Uzi mpya wa sweta haupo madukani, nami simlaumu mtu kwa hilo. Kwa hiyo yeye na jirani yetu Silvana, huyu mama wa Kifipa wa nyumba ya tatu, wamebuni njia yao. Mteja analeta masweta makuukuu, yale yaliyochanika viwiko au kuliwa na panya. Wao wanayafumua mpaka uzi wa mwisho, wanaufua, wanaunyoosha, na kutoka masweta marehemu mawili au matatu wanafuma moja lililo hai. Kwa baridi hii ya Ufipa, ambayo sisi watu wa Mbeya tulidhani tunaijua, wateja wanajaa uani tangu asubuhi. Nami sasa naorodhesha madhara.

1. KITI. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunjakunja na haufai kufumiwa mpaka unyooke. Ili unyooke lazima uzungushwe ukiwa mbichi kwenye kitu chenye mgongo imara, ukaukie hapo. Nyumbani kwetu vitu vyenye mgongo imara ni viwili, kiti changu na mimi. Kiti changu, kile cha mninga chenye mikono, kimefungwa uzi mbichi tangu mwezi wa tatu. Nikitoka kazini nakikuta kimevaa vizuri kuliko mimi. Nimekuwa nikikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kiongozi hapaswi kukaa kwenye ndoo, hata ikiwa ni ya Serikali.

2. NGUVUKAZI. Kiti kikijaa, uzi unahamia kwangu. Naagizwa kunyoosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayepokea mtoto wa ubatizo, halafu uzi unawekwa juu yake na Atusaye anauvuta kwenye donge. Siruhusiwi kukohoa. Siruhusiwi kujikuna. Juzi inzi alitua puani mwangu, akatembea, akapumzika, akaondoka kwa wakati wake. Kazi hii haina mkataba, haina likizo wala posho ya mazingira magumu. Katika darasa langu nimekuwa nikichora ubaoni mnyonyaji mwenye tumbo na mrija mrefu. Sasa namwona kwa macho, naye ni mwembamba, anatoka Rungwe, na ananiambia, "Baba Elizabeth, inua kidogo kushoto."

3. BAIKELI, yaani baiskeli (naomba radhi, karatasi ni adimu na siwezi kuanza upya). Sindano za kufumia nazo hazipo madukani. Silvana ndiye aliyegundua kwamba spoki ya baiskeli, ikisuguliwa ncha kwenye jiwe, ni sindano safi kabisa. Nilianza kusikia gurudumu la nyuma likilia. Nikadhani ni mafuta. Nikatia mafuta, ambayo nayo si rahisi kuyapata. Nilipokuja kuinama nikalikagua, nilikuta gurudumu limebaki na spoki za kushikilia heshima tu. Siku ya gulio lilijikunja mbele ya watu, karibu na wauza maharage, nami nikaanguka nikiwa nimeshika mkoba wa barua za Serikali. Atusaye alinipa pole, ya kweli kabisa, halafu akaniuliza kama spoki zilizobaki zimepinda.

4. CHAKULA. Wateja sasa wanachagua rangi. Hivyo uzi unachemshwa na magome ya miti katika sufuria yetu kubwa, na sufuria yetu kubwa ndiyo hiyo hiyo ya maharage. Nimekula maharage ya zambarau. Nimekula ugali wa ulezi ambao hata Silvana, aliyezaliwa na ulezi, aliutazama mara mbili. Ulimi wangu ulipobadilika rangi, mkuu wangu wa kazi aliniruhusu kwenda hospitali, na huko nikashindwa kueleza ugonjwa wangu bila kutaja kiwanda.

5. MAZUNGUMZO. Hili naliandika polepole. Binti yetu Elizabeth yuko shule ya bweni, kwa hiyo jioni nyumbani tuko wawili. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, tukishakula, mimi nilikaa kwenye kiti changu na Atusaye mkekani karibu na jiko la mkaa, nami nikamweleza ya ofisini. Nani kaandikiwa barua, nani kahamishwa kwenda Mpanda na analia. Alikuwa akicheka. Sijawahi kumchekesha mtu mwingine maishani, hata darasani. Sasa anahesabu vitanzi vya uzi. Nikianza tu kusema, anainua kidole, midomo inacheza, na mimi nangoja. Akimaliza mstari nakuwa nimesahau. Nikikumbuka, ameanza mwingine. Wiki nzima nimebeba habari nzuri sana ya mhasibu na mbuzi wake na sina pa kuitua. Ndugu Katibu, nimeikosa sauti ya mke wangu ndani ya nyumba yangu, na jambo hilo linaniuma kuliko baiskeli.

6. Lalamiko la sita nimelifuta kwa sababu Atusaye alipita nyuma yangu. Aliuliza naandika nini, nikamwambia barua ya kazi. Akasema nikimaliza nimwachie karatasi ya nakala, anataka kuchorea kipimo cha shingo.

7. SWETA LANGU. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Nilikuwa na sweta la rangi ya damu ya mzee, nililolinunua mwaka nilioajiriwa. Mkono wake wa kulia, karibu na kiganja, ulikuwa na madoa ya wino wa muhuri, wino wa buluu, ambao hautoki kwa sabuni yoyote. Nilijaribu hata zamani wakati sabuni ilikuwepo. Jioni moja nikiwa nasoma gazeti, Atusaye aliniuliza, "Baba Elizabeth, hili sweta la zamani bado unalihitaji?" Nilijibu, "Mh." Kila mwanamume aliyeoa anajua kwamba "Mh" maana yake ni kuwa anasoma gazeti. Si ridhaa.

Kesho yake lilikuwa halina mikono. Nikalivaa hivyo hivyo kwenda kazini, kwa kupinga. Keshokutwa yake lilikuwa limepanda hadi kitovuni, nikalivaa tena. Siku iliyofuata nilikuta shingo peke yake. Shingo hiyo ninayo hadi leo, naivaa ndani ya shati, na kwa mbali mtu anaweza kudhani chini yake kuna sweta zima.

Sasa ukumbuke mkutano wa tawi wa juzi. Ulisimama kutuhutubia juu ya walanguzi. Ulikuwa na sweta jipya, zuri, lililokukaa barabara, kijivu tumboni na damu ya mzee kifuani. Ulipoinua mkono kuwalaani walanguzi, mwanga wa dirishani ukapiga kifua chako, nami niliyekaa safu ya mbele nikaona madoa ya buluu. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Lakini nataka ujue kwamba umevaa miaka yangu ya ajira. Najua hukujua, na najua ulilipa kwa miche ya sabuni. Sikuuliza sabuni hiyo ilitoka duka gani na hata katika barua hii siulizi.

8. SAMAKI. Kwa kuwa pesa siku hizi haina cha kununua, wateja wanalipa kwa vitu. Dominiko, dereva wa lori la Kasanga, amevaa sweta letu na kuwavika utingo wake, na kila akipanda kutoka ziwani anashusha migebuka mikavu mlangoni kwetu. Migebuka iko juu ya kabati na chini ya kitanda. Mingine iko ndani ya sanduku langu la vyeti, na cheti changu cha ubatizo sasa kinanuka Tanganyika. Aidha tunayo chumvi, tunayo sabuni, na juzi nimeona mafuta ya taa. Wiki iliyopita mzee mmoja kutoka Kabwe aliingia kwetu akauliza duka la ushirika linafungwa saa ngapi. Silvana akamjibu, "Muulize Bwana Karani, ndiye mlinzi."

Hayo ndiyo madhara. Sasa sheria.

Azimio la Chama linasema kiongozi asiwe na kipato cha pembeni, na likaona mbali zaidi, likasema kiongozi ni mtu pamoja na mkewe. Mimi ni kiongozi, kama nilivyothibitisha hapo juu. Atusaye ni mke wangu, kama kanisa la Moraviani lilivyothibitisha. Kwa hiyo Atusaye ni kiongozi, na kiongozi amekatazwa kuwa na kiwanda. Tumetangaziwa kwamba mwezi ujao atafika mkaguzi kutoka makao makuu kuwatazama viongozi wenye miradi. Akiingia kwangu akakuta kiti kimevaa sweta, nitasema nini? Kazi yangu itakuwa imekwenda, na cheo changu cha uongozi, ambacho bado hakijaandikwa popote, kitakuwa kimevuliwa kabla ya kuvaliwa.

Nimefikiri sana juu ya dawa. Kumkataza nimeshindwa. Nilimkataza siku ya Jumanne, kwa sauti ya darasani, na aliponisikiliza hadi mwisho akaniuliza kama nimekwishaona ada ya bweni ya Elizabeth imelipwa na nani. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Mradi huu utaifishwe mara moja, ukiwa na mali zake zote, yaani madonge, spoki, sufuria na migebuka.

(b) Liwekwe kwenye mpera bango lenye jina refu. Napendekeza "Shirika la Sweta la Kizwite," kwa herufi kubwa.

(c) Ateuliwe Meneja. Ningependa asiwe mimi, lakini nikitazama eneo letu lote simwoni mwingine mwenye uzoefu wa majalada. Meneja apewe kiti, cha mninga, chenye mikono, kisichofungwa uzi.

(d) Liundwe tawi la wafanyakazi ili mnyonge apate pa kusemea. Kwa sasa mfanyakazi ni mimi peke yangu, hivyo nitakuwa mwenyekiti, na kama Meneja atamnyanyasa mfanyakazi, nitamwandikia.

(e) Atusaye na Silvana wabaki kama mafundi, ila kila kitanzi kiombewe kibali cha maandishi.

Nataka niwe mkweli kwako juu ya sababu ya ombi hili. Nimeviona viwanda vikitaifishwa. Kwanza linakuja bango, halafu meneja, halafu gari la meneja. Halafu vinaanza vikao, na vikao vinazaa kamati. Mwishowe uzi unaisha, kipuri kinaagizwa, hakiji, na wafanyakazi wote wanakaa chini ya mti wakizungumza kuanzia asubuhi mpaka saa ya kutoka. Ndugu Katibu, hicho ndicho ninachokitafuta. Nataka nikae na mke wangu tukizungumza. Naamini Chama kinaweza kunifikisha hapo kwa muda mfupi kuliko njia nyingine yoyote.

Mwisho, nisalimie mama watoto wako na watoto wote, hasa yule mdogo aliyenitupia pera. Nisalimie wajumbe wa kamati. Msalimie Silvana ukimwona, mwambie sina kinyongo naye ila spoki. Msalimie pia Dominiko, na umwambie migebuka inatosha. Walio wagonjwa wapone, na walioko safarini wafike.

Wako katika kulijenga taifa na kukibomoa kiwanda,

(sahihi)
Ndugu Sadoki I. Mbonile,
Kiongozi.

Nakala: Jalada.

NYONGEZA, Jumapili mchana

Ndugu Katibu, usishangae kuona mwandiko umebadilika. Vidole vinauma, nitaeleza kwa nini.

Barua hii ilikuwa iondoke jana. Leo tulipotoka kanisani Silvana hakuja, yuko shambani anavuna ulezi. Atusaye alikuwa amechelewa na oda yako ya pili, ile ya rangi ya kijani unayoisubiri kwa safari yako ya Mpanda. Maji ya uzi yakawa yanamwagika jikoni, akanisukumia spoki mbili zenye kazi juu yake, akasema, "Shika tu, Baba Elizabeth, vitanzi visianguke." Nikashika. Alikawia. Nilimwona mara nyingi anavyofanya, maana kwa miezi yote hii nimekaa kwenye ndoo mbele yake sina kingine cha kutazama. Nikajaribu kitanzi kimoja. Kikakubali. Nikajaribu cha pili, nikafika mwisho wa mstari, na aliporudi alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

Halafu akakaa mkekani, akachukua spoki nyingine akaanza mgongo, mimi nikiendelea na mkono wa sweta. Akawa ananihesabia kwa sauti. Katikati ya kuhesabu akauliza, "Mbona siku hizi huniambii ya ofisini?" Nikamweleza habari ya mhasibu na mbuzi wake. Alicheka mpaka akapoteza mstari mzima, na hakujali. Nilikuwa nadhani kufuma ndiko kunakomnyamazisha. Kumbe kilichokuwa kinamnyamazisha ni mtu aliyekaa kando na uso mrefu akingoja amalize. Tumezungumza mpaka maharage yameungua, na sikuona uchungu kuyapoteza, yalikuwa ya kijani.

Sasa nimekwama na barua. Nimekwisha kuipa kumbukumbu namba, na kitu chenye kumbukumbu namba hakichanwi. Sijawahi kuchana, na siwezi kuanza uzeeni. Karatasi ya kuandikia nyingine sina, nakala ameichukua Atusaye kwa kipimo cha shingo, tena ni shingo yako. Kwa hiyo barua lazima ije, ila naomba usahihishe jambo moja tu, mengine yataanguka yenyewe.

Nimeifungua upya barua yangu ya daraja la mshahara na nimeisoma kwa makini, kama ninavyosoma majalada ya wengine. Mimi si kiongozi. Ni karani. Siamuru mtu, siamui jambo, na ufunguo wa kabati la siri hushikwa na mwingine. Ulivyosema mkutanoni, "na Bwana Karani pia," ulisema kweli, na hata hiyo "pia" ilikuwa ya hisani. Naandika hili kwa mkono wangu na kwa akili timamu, na sikufurahi kuliandika. Lakini kwa kuwa mimi si kiongozi, Atusaye si mke wa kiongozi, Azimio halimhusu, naye yuko huru kufuma mpaka Ufipa yote ipate joto. Mkaguzi wa makao makuu akiuliza juu ya Mbonile, naomba umwambie hakuna kiongozi wa jina hilo. Akija na baridi imempata, aje uani kwetu na masweta yake ya zamani.

Juu ya sweta lako la kijani: ukiona mkono wa kushoto umezidi wa kulia kwa vidole viwili, kosa si la Atusaye, usimpunguzie sabuni. Nimefika kwenye kwapa, hapo pana hesabu ya kupunguza vitanzi inayonishinda, na amesema atanionyesha leo tukishakula. Kwa sababu hiyo barua hii naomba isisomwe kwenye kikao chochote.

Ukinijibu, bahasha isiandikwe Ndugu Kiongozi kama nilivyosaini hapo juu. Silvana amerudi kutoka shambani sasa hivi, amekagua kazi yangu na kuvuta uzi kuona kama utakatika, na amenipa cheo kingine. Andika: Fundi Mbonile, mikono ya kushoto.